Nairobi Haiishii Githurai

Kampeni za ugavana zikipamba moto jijini, madai yaleyale hurudi. Tuyapime.

“Nairobi ni kaunti ya watu milioni nne na ushei.” Kweli, sensa ya 2019 iliandika 4,397,073. Ila sensa humhesabu mtu pale alipolala. Alfajiri matatu za Rongai, Kitengela, Kikuyu na Ruiru huwamwaga jijini maelfu waliohesabiwa Kajiado na Kiambu. Pale Githurai, 44 ni Nairobi na 45 ni Kiambu. Majina hayo yametokana na nambari za njia za basi, na mama mboga hamuulizi mteja kaunti yake.

“Ruiru na wenzake ni mahali pa kulala tu.” Sensa hiyohiyo iliipa Ruiru watu 490,120, ikazipita Eldoret na Kisumu. Huo ni mji kamili. Mji wa Athi River nako, kule Machakos, kuna viwanda vya saruji na vile vya EPZ (eneo la bidhaa za kuuza nje), na wapo wanaolala Embakasi wakaenda huko kutafuta riziki.

“Majirani wanainyonya Nairobi: barabara na hospitali wanatumia zetu, kodi wanalipa kwao.” Dai hili lina chembe ya ukweli, ndiyo maana halifi. Lakini Hospitali ya Kenyatta ni ya serikali ya kitaifa, na barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa 2012, haikujengwa na City Hall. Sasa fungua mfereji. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a. Mengine hutoka Sasumua, Nyandarua. Mwangi wa Iria alipokuwa gavana wa Murang'a akadai mgao wa mapato ya maji hayo, wapo waliomwona mlafi. Mimi naona alikuwa anauliza bei ya bidhaa yake. Na maji yakishatumika? Uchafu hufuata Mto Nairobi hadi Mto Athi, ukateremka Machakos kwa watu wasiopata hata senti ya ada za maegesho jijini. Ukiongeza mchanga wa Machakos na mawe ya Juja yaliyojenga maghorofa yetu, hesabu ya nani anamnyonya nani inabadilika.

“Basi tuwe na gavana mmoja wa eneo zima.” Kifungu cha 188 cha Katiba kinataka thuluthi mbili katika Bunge la Taifa na Seneti ili kubadili mpaka wa kaunti, na sioni gavana wa Kiambu akiiachilia Ruiru. Kinachohitajika ni kidogo zaidi. Tazama usafiri: Desemba 2018 kaunti ya Nairobi ilipiga matatu marufuku katikati ya jiji. Abiria wakatembea kwa miguu, na marufuku hiyo ikasitishwa upesi. Mkazi wa Rongai alitembea pia, ingawa hakuwahi kumpigia kura gavana aliyeamua.

Kwa mambo kama hayo, kifungu cha 189 kinaruhusu kaunti kuunda mamlaka za pamoja. Tumeshajaribu kutokea juu: wizara ya jiji kuu iliundwa 2008, ikafa 2013, kisha NaMATA ikazaliwa 2017, mamlaka ya usafiri wa kaunti tano, kwa agizo la rais badala ya sheria ya Bunge. Anayetaka ugavana wa Nairobi atuambie atatenga shilingi ngapi kwa chombo cha pamoja, na kama atakubali kushindwa kwa kura na majirani zake wanne.