Risala ya Mafundi wa Kuchomelea Vyuma Majumbani kwa Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, viongozi wa kata na mtaa, ndugu majirani:

Sisi ni mafundi tunaochomelea vyuma uani mwa nyumba zetu, huku pembezoni mwa mji wa Morogoro. Mageti, magrili ya madirisha na vitanda vya chuma vya mtaa huu vingi vimepita mikononi mwetu. Tunakushukuru kwa kuja kutusikiliza. Shida yetu ni umeme.

Kijana akitaka kuanza kazi hii hutuuliza anunue mashine gani na aiwashe kwa umeme upi. Rodi ya milimita 3.2, ambayo ndiyo ya mageti, inataka ampea 100 hadi 130. Kuzipata hizo, mashine ya inveta huvuta kiasi cha ampea 20 hadi 25 kwenye umeme wa njia moja wa volti 230. Ile nzito ya transfoma, inayosukwa na wenzetu mitaani, huweza kufika 40. Soketi ya ukutani ni ya ampea 13 tu, kwa hiyo hata inveta inastahili waya wake mnene na breka yake. Tuliyajua haya baada ya plagi kuyeyuka na nyumba ya mwenzetu kunusurika kuungua. Siku tunavutiwa umeme, hakuna aliyetueleza.

Lakini Mheshimiwa, hata fundi aliyetimiza yote hayo anakwama, kwa sababu umeme unamfikia umechoka. Transfoma ya mtaa iko mbali na nyumba zimeongezeka. Tulipima kwa mita saa 1 jioni, ukutani tukakuta volti 174. Kwa umeme huo rodi ukiigusisha inanata, inaiva nyekundu mwili mzima, ganda lake linapukutika. Ikikubali kuwaka, chuma kinarundikana juu juu bila kupenya. Kwa macho kiungo kimeshika, na geti hilo ndilo watoto wa mteja watakalobembelea. Fundi mwenye haya hulikata akaanza upya, rodi na luku vimeshakwenda.

Tukichomelea, taa za majirani zinafifia, na mtoto anayesoma jioni hufunga daftari. Lawama hiyo inatuuma, nasi tunakiri kuwa mashine zetu za transfoma zinachangia.

Wapo waliokimbilia jenereta. Mwenzetu alinunua la kVA 2.5, likawa linazima kila akigusa chuma, wakati inveta ya ampea 160 inahitaji la kVA 6 au 7. Nani alimwambia dukani? Na petroli inakula faida ya geti zima. Wengine tuliomba umeme wa njia tatu, maana kwenye volti 400 mashine ya transfoma iliyosukwa kwa umeme huo huvuta ampea chache zaidi kwa kazi ileile. Tukaambiwa mpimaji wa umeme yuko safarini, tuje Jumatatu. Jumatatu hizo hatuzihesabu tena.

Tunachodai kwanza ni kupimiwa umeme saa za jioni, kila nyumba yenye karakana, na majibu tupewe kwa maandishi, ili anayenunua mashine ajue anainunulia umeme gani. Transfoma isogezwe karibu na nyumba za mwisho. Anayestahili njia tatu aruhusiwe kulipia kwa awamu, na ombi lake lijibiwe kwa tarehe. Wauzaji wa mashine wabanwe: tumenunua zilizoandikwa ampea 250 ambazo rodi ya milimita 4 zinaishindwa hata umeme ukiwa mzima.

Kwa upande wetu, wenye mashine za transfoma kwenye njia moja tumekubaliana kuzizima kila siku kuanzia saa 12 jioni, hadi laini itakapotengenezwa. Orodha ya majina na nyumba zetu iko kwa mwenyekiti wa mtaa. Mpimaji akija hata kesho atatukuta.

Tunaomba kuwasilisha.