Kalamu na Jembe: Gilbert White wa Selborne

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo hutajwa sana madukani, lakini lafaa shambani vilevile. Mkulima aweza kulima miaka arobaini, akajua tabia ya udongo wake na dalili za mvua. Siku afapo, maarifa yote hayo huzikwa pamoja naye. Padre mmoja wa Uingereza, Gilbert White, hakukubali hasara hiyo.

Alizaliwa mwaka wa 1720 katika kijiji cha Selborne, jimbo la Hampshire. Alisoma Oxford, na angaliweza kutafuta cheo mahali pakubwa zaidi. Lakini alirudi kwao, akahudumu kanisani, na akafa hapo hapo mwaka wa 1793.

Mwaka wa 1751 alianza daftari la bustani. Humo aliandika alichopanda na tarehe yake, mvua na baridi, na hata idadi ya mikokoteni ya samadi aliyopata kwa jirani zake. Nchi ile ni ya baridi, na matikiti hayasitawi huko kwa urahisi. Kwa hiyo alirundika samadi mbichi, akaiacha ipate moto kwa kuoza, akaweka udongo juu yake, na mimea michanga akaifunika kwa vioo. Hivyo ndivyo alivyovuna matango na matikiti.

Siku zile wakulima waliwachukia nyungunyungu. White aliwachunguza, na katika barua ya mwaka wa 1777 akaeleza ya kuwa viumbe hao dhaifu hutoboa na kulegeza udongo, hata maji ya mvua na mizizi ikapenya. Tena huvuta majani chini, na uchafu wao huwa mbolea njema. Mtaalamu Charles Darwin alitoa kitabu kizima juu ya nyungunyungu mwaka wa 1881, zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Aliandika habari za watu pia. Alieleza jinsi maskini walivyochovya mabua membamba katika mafuta ya nyama ili wapate taa, akapiga hesabu kwamba robo ya peni ilitosha kuwapa mwanga wa saa tano na nusu. Mwaka wa 1778 alieleza jinsi viazi vilivyoenea mtaani mwake kwa miaka ishirini tu, kwa kuwa watu walitolewa zawadi wavipande; na maskini ambao zamani hawakuthubutu hata kuvionja, walikuwa wamekwisha kuvipenda. Tena alizitafuta hati za nyumba ya watawa iliyoanzishwa karibu na kijiji mwaka wa 1233, akaandika historia yake. Barua zake na historia hiyo zilitoka katika kitabu kimoja mwaka wa 1789, nacho chasomwa hata leo.

Jambo moja lilimshinda, nalo ni mbayuwayu. Aliona ndege hao wakitoweka kila majira ya baridi. Alikubali ya kuwa wengi huhama, lakini hakuacha kudhani ya kuwa baadhi yao hujificha na kulala mpaka joto lirudi. Jibu lilikuwa Afrika. Mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni huko Uingereza mwaka wa 1911 alipatikana Natal, Afrika ya Kusini, mwezi wa Desemba 1912. Ndege hao wa Ulaya hufika Kenya pia, wakaruka juu ya mashamba miezi ile ile ambayo White aliwatafuta asiwaone. Watu wa huku waliwaona tangu zamani. Aliyekosekana ni mtu wa kuandika tarehe.

Basi kalamu si ya ofisini tu. Mwenye daftari dogo na aandike siku mvua iliponyesha, mbegu aliyopanda na magunia aliyovuna. Na jioni amwulize babu yake asili ya jina la kilima kile, kabla mzee hajaondoka nalo.