Mgonjwa Hajengwi kwa Uji Mtupu

Nenda Kianda, mtaani Kibera, umtazame mgonjwa anavyouguzwa. Hulazwa kutwa, akaletewa uji mwepesi na chai ya rangi. Ni mapenzi hayo, lakini humdhoofisha.

Misuli ni akiba ya protini. Chakula kikipungua, mwili huvunja akiba hiyo ili upate nguvu. Na si njaa pekee inayoleta hasara hiyo.

Wataalamu humchunguza mnyoo mdogo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita 1 hivi. Si wale wa tumboni. Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walionyesha kwamba seli za misuli yake zikikosa ishara kutoka kwa mishipa ya fahamu huvunja protini zake zenyewe, hata chakula kiwepo.

Binadamu si mnyoo. Hata hivyo, misuli yake nayo hunyauka isipotumika. Ndipo mtu hupona ugonjwa, kisha akashindwa kubeba mtungi wa maji wa lita 20 au kurudi kibaruani.

Kwa maoni yangu, hospitali zisimruhusu mgonjwa aende nyumbani na dawa tu, bila ushauri wa chakula na mazoezi. Nasi nyumbani, ikiwa daktari hajamkataza, tumwongezee omena, maharagwe, ndengu au yai. Tumketishe, tumsimamishe, tumtembeze hadi mlangoni.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.