Kaka, usimfukuze dereva!



Kaka, nasikia unataka kumfukuza dereva aliyetia petroli kwenye gari la dizeli. Najua hela iliyokwenda inauma, ila mimi napinga! Angekuwa mwizi au mlevi ningenyamaza. Huyu kakosea mara moja.

Hapa Uswidi, sheria ya 1982 inamtaka bosi awe na sababu ya msingi kabla ya kumwachisha mtu kazi. Msiseme ni mambo ya Wazungu: sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 nayo inataka sababu halali na utaratibu wa haki.

Mwaka wangu wa kwanza huku niliacha friza la kazini wazi usiku kucha, nyama yote ikaoza. Bosi alifoka, lakini hakunifukuza. Gari hilo, kaka, limenunuliwa kwa mshahara wa kazi hiyo hiyo.

Nawasilisha.