Uchambuzi: Fedha za ukame Turkana na mifugo iliyovuka mpaka

Ukame unapoikumba Kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, habari mbili huifikia meza yetu: serikali ya Nairobi inawalipa wafugaji, na wafugaji hao hao wanaingia Karamoja, upande wetu wa Uganda, wakitafuta malisho. Husomwa kila moja peke yake, ilhali ni habari moja.

Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianzisha bima ya mifugo, ikianzia Turkana na Wajir. Serikali ndiyo iliyolipa ada yote kwa kaya zilizochaguliwa, kwa mifugo isiyozidi thamani ya ng'ombe watano. Mbuzi au kondoo kumi walihesabiwa sawa na ng'ombe mmoja. Hakuna afisa aliyezunguka bomani kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, kipimo hicho kikalinganishwa na cha miaka iliyotangulia katika eneo lile lile. Kikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kaya zote zilizosajiliwa humo hulipwa.

Sisi watafsiri tumezoea kuyaita malipo hayo fidia, na nadhani tunakosea. Fidia hufuata hasara. Fedha hizi zilikusudiwa kumfikia mfugaji ng'ombe akiwa bado amesimama, ili anunuliwe majani makavu, maji na dawa.

Lakini ng'ombe huyo mara nyingi hayupo nyumbani. Setilaiti hutazama nyasi za mahali mwenye mali alikosajiliwa, nao vijana wamekwisha kulihamisha kundi siku kadhaa kabla, kwenda zilipo nyasi. Malipo humkuta mzee, mama na watoto waliobaki, yakageuka unga na karo. Hilo si baya. Ila kazi hiyo tayari ina mpango wake, ule wa kupambana na njaa unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, ambao kwa miaka mingi umezipa kaya maskini shilingi 5,400 za Kenya kila baada ya miezi miwili. Kwa mwenye ng'ombe thelathini, ishirini na watano hawakuwa na bima yoyote isipokuwa majani ya Karamoja.

Bima hiyo ya pili hutegemea Kampala. Tarehe 12 Septemba 2019, mjini Moroto, Rais Yoweri Museveni na Rais Uhuru Kenyatta walishuhudia makubaliano ya amani na maendeleo baina ya Turkana na Karamoja. Ukafuata ukame mrefu wa misimu mitano mfululizo, ulioua zaidi ya mifugo milioni mbili nchini Kenya. Mwezi Mei 2023, kufuatia wizi wa mifugo na mauaji, Museveni alitoa amri: wafugaji wa Turkana wenye bunduki wazisalimishe katika miezi sita, la sivyo watafukuzwa. Wafugaji wa Moroto na Kaabong walioibiwa ng'ombe hawakuiona amri hiyo kuwa kali.

Sasa Kenya inahamia mradi mpya, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia tangu 2022, ambamo mfugaji huchangia sehemu ya ada. Anaombwa atoe fedha zake kwa ajili ya nyasi zinazopimwa pale pale anapojua kwamba, msimu ukiharibika, ataondoka. Kabla ya kulipa ana haki ya kuuliza: je, mpaka utakuwa wazi?