Ruzuku kwa vyuo vya jamii Marekani: Kutoka kuhesabu wanaoingia hadi kuhesabu wanaohitimu

Kuanzia tarehe 1 Julai 2026, sheria ya Marekani inaelekeza kuwa ruzuku ya Pell, ambayo ndiyo nguzo kuu ya msaada wa Serikali ya Shirikisho kwa wanafunzi wa vyuo wanaotoka katika familia zenye kipato cha chini, itumike pia kulipia mafunzo ya kazi ya muda mfupi. Hapo awali ruzuku hiyo iliishia kwenye programu zisizopungua wiki 15 na saa 600 za masomo. Sasa itahusisha programu za kuanzia wiki 8 na saa 150. Nafasi kubwa ya kutoa mafunzo ya aina hiyo, kama vile uchomeleaji vyuma na ufundi wa viyoyozi, iko mikononi mwa vyuo vya jamii.

Sheria hiyo, iliyosainiwa na Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025, imekuja na masharti. Ili programu ya muda mfupi istahili ruzuku, ni lazima angalau asilimia 70 ya wanafunzi wake wamalize mafunzo, na angalau asilimia 70 ya waliomaliza wapate kazi. Gavana wa jimbo naye anapaswa kujiridhisha kwamba mafunzo hayo yanahitajika na waajiri.

Masharti hayo yanaonesha jinsi mtazamo unavyobadilika. Kwa zaidi ya nusu karne, mafanikio ya ruzuku za elimu ya juu nchini humo yalipimwa zaidi kwa idadi ya watu walioingia chuoni. Sasa mlipakodi anauliza ni wangapi waliotoka na cheti mkononi. Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake linategemea mahali fedha zinapoelekezwa.

Vyuo vilivyojengwa karibu na wananchi

Chuo cha jamii nchini Marekani ni taasisi ya umma inayotoa masomo ya hadi miaka miwili, kwa ada nafuu, na kwa kawaida humpokea kila aliyemaliza elimu ya sekondari bila ushindani wa alama. Kikongwe kati ya vyuo hivyo vinavyoendelea kufanya kazi ni Joliet, katika jimbo la Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1901. Mwaka 1947, tume ya elimu ya juu iliyoundwa na Rais Harry Truman ilipendekeza vyuo vya namna hiyo visambazwe nchi nzima ili umaskini na umbali visiendelee kuwa kikwazo. Leo vipo takribani 1,000.

Msomaji wa Tanzania anaweza kuvilinganisha, kwa kiasi fulani, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa lengo la kumfikishia mtu mzima maarifa na stadi katika mazingira anayoishi. Tofauti kubwa ni kwamba chuo cha jamii cha Marekani ni njia ya kujifunza kazi na pia daraja la kwenda chuo kikuu: mwanafunzi anaweza kusoma miaka miwili ya mwanzo pale, kisha akahamia chuo kikuu kukamilisha shahada ya kwanza.

Wanaosoma huko ni watu wa aina nyingi: kijana aliyemaliza sekondari mwaka huohuo, mama mwenye watoto anayesoma jioni, fundi aliyepunguzwa kazini na mhamiaji anayejifunza lugha. Wengi wao hufanya kazi huku wakisoma. Hali hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini ruzuku ikatosha kuwaingiza chuoni na isitoshe kuwafikisha mwisho.

Ruzuku iliyofungua mlango

Msingi wa kisheria wa misaada hii ni Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965, iliyosainiwa na Rais Lyndon Johnson. Mwaka 1972 ilianzishwa ruzuku ya msingi inayotolewa kwa mwanafunzi mwenyewe, nayo mwaka 1980 ikapewa jina la Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island aliyeipigania. Tofauti na mikopo inayotolewa na bodi kama HESLB ya Tanzania au HELB ya Kenya, fedha za Pell hazirejeshwi. Kiwango cha juu kwa mwaka wa masomo wa 2025/26 ni dola 7,395, na kila mwanafunzi hupangiwa kiasi chake kulingana na kipato cha familia.

Wastani wa ada ya chuo cha jamii kwa mkazi wa eneo husika ni takribani dola 4,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mwanafunzi wa kipato cha chini kabisa anayesoma muda wote hulipiwa ada yote na kubakiwa na fedha za vitabu na nauli. Baadhi ya majimbo yameongeza misaada yake juu ya hiyo. Tennessee, kwa mfano, ilitunga sheria mwaka 2014 inayomhakikishia mhitimu wa sekondari kwamba pengo la ada lililobaki baada ya ruzuku nyingine litazibwa kwa fedha zitokanazo na bahati nasibu ya jimbo, mradi ajitolee saa 8 za kazi za jamii kabla ya kila muhula.

Hata hivyo, kati ya wanafunzi wanaoanza chuo cha jamii kwa mara ya kwanza na kusoma muda wote, wanaohitimu ndani ya miaka mitatu ni takribani watatu kati ya kumi. Takwimu hiyo inahitaji tahadhari, kwa kuwa baadhi huhamia chuo kikuu kabla ya kupata cheti. Hata wakiondolewa hao, bado wapo wengi wanaoondoka mikono mitupu.

Gharama isiyoonekana kwenye ankara ya ada

Kwa mwanafunzi wa chuo cha jamii, ada si gharama kubwa kuliko zote. Kodi ya nyumba, chakula, nauli na malezi ya watoto huizidi. Anapolazimika kuongeza saa za kazi ili kulipa kodi, hupunguza masomo, na akipunguza masomo, ruzuku yake hupungua kwa uwiano. Muda wa kuhitimu unarefuka, wakati ukomo wa kupata Pell katika maisha yote ni sawa na miaka sita ya masomo ya muda wote.

Yapo pia masharti ambayo wengi huyafahamu wakiwa wamechelewa. Mwanafunzi anayeacha masomo kabla ya kufikisha asilimia 60 ya muhula, awe amesimamishwa na ugonjwa au na gari kuharibika, huhesabiwa kuwa hakustahili sehemu ya fedha alizokwisha kupewa. Sehemu hiyo hurudishwa serikalini, na mara nyingi chuo humdai mwanafunzi ada iliyobaki bila kulipwa. Mtu aliyeingia kwa ruzuku ili asikope huondoka akiwa na deni na bila cheti. Kwa familia iliyomtegemea awe wa kwanza kuhitimu, hasara hiyo haiishii kwenye fedha, kwa sababu wadogo zake wanaotazama nao hujifunza kwamba chuo si mahali pao.

Ushahidi wa New York na Ohio

Jibu lenye ushahidi imara lilipatikana katika Jiji la New York. Mwaka 2007, kwa kuungwa mkono na serikali ya jiji, vyuo vya jamii vilivyo chini ya Chuo Kikuu cha Jiji la New York, yaani CUNY, vilianzisha mpango unaojulikana kwa kifupi kama ASAP. Mwanafunzi alitakiwa kusoma muda wote na kuhudhuria mafunzo ya ziada. Kwa upande wake, chuo kilifidia pengo la ada, kikampa vitabu bila malipo, kadi ya nauli ya treni na basi, na mshauri anayemfahamu kwa jina.

Kipengele cha mshauri kinastahili kutazamwa kwa makini. Katika utaratibu wa kawaida wa vyuo hivyo, mshauri mmoja alihudumia wanafunzi kati ya 600 na 1,500. Ndani ya ASAP alihudumia kati ya 60 na 80. Mwanafunzi aliyekosa kuonana naye aliulizwa sababu, na tatizo lilishughulikiwa kabla halijamtoa chuoni.

Taasisi ya utafiti ya MDRC ilifuatilia takribani wanafunzi 900 wa kipato cha chini waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Baada ya miaka mitatu, waliokuwa ndani ya mpango walihitimu kwa asilimia 40, na waliobaki katika huduma za kawaida kwa asilimia 22. Mpango huo ulipopelekwa katika vyuo vitatu vya jimbo la Ohio, matokeo yalikuwa asilimia 35 dhidi ya 19. Kujirudia huko katika jimbo jingine kulionesha kwamba mafanikio hayakutokana na mazingira ya New York pekee.

Gharama haikuwa ndogo. Kwa kila mwanafunzi, ASAP ilitumia zaidi ya dola 16,000 za ziada katika miaka mitatu, ongezeko la zaidi ya asilimia 60. Lakini gharama hiyo ilipogawanywa kwa idadi ya waliohitimu, kila mhitimu wa ASAP aligharimu fedha pungufu kuliko mhitimu wa utaratibu wa kawaida. Hapa ndipo lilipo fundisho kwa mpanga bajeti: chuo kinachotumia kidogo kwa kila anayeingia kinaweza kuwa ghali zaidi kwa kila anayetoka.

Ruzuku kwa vyuo, na kinachobaki zikiisha

Mbali na fedha zinazomfuata mwanafunzi, Serikali ya Shirikisho hutoa ruzuku kwa vyuo vyenyewe. Sehemu ya Tatu ya Sheria ya Elimu ya Juu huviwezesha vyuo vyenye rasilimali haba na wanafunzi wengi wa kipato cha chini kuomba, kwa ushindani, ruzuku za miaka mitano za kuimarisha ufundishaji na mifumo. Programu za TRIO hugharamia ushauri na masomo ya ziada kwa wanafunzi wa kipato cha chini, wa kwanza kusoma chuo katika familia zao, na wenye ulemavu. Upo pia mfuko wa kusaidia malezi ya watoto wa wanafunzi vyuoni.

Mfano mkubwa zaidi wa hivi karibuni ni mpango wa Wizara ya Kazi uliotoa takribani dola bilioni 2 katika awamu nne, kati ya mwaka 2011 na 2014, ili vyuo vya jamii vianzishe mafunzo yanayohitajika na waajiri. Ruzuku 256 zilitolewa. Maudhui ya masomo yaliyotayarishwa kwa fedha hizo yalitakiwa kuachwa wazi ili chuo kingine chochote kiyatumie bila kulipia. Sharti hilo lilihakikisha kuwa sehemu ya uwekezaji inabaki hata baada ya ruzuku kukoma. Mtaala unaweza kuachwa wazi kwa wote, ila mshauri wa wanafunzi anahitaji mshahara kila mwezi, na ruzuku yenye ukomo haiwezi kumlipa siku zote.

Suala hilo sasa liko katika mjadala wa bajeti. Katika mapendekezo yake ya mwaka wa fedha 2026, Ikulu ya White House iliomba kufutwa kwa fedha za TRIO na za kuimarisha vyuo, pamoja na kushusha kiwango cha juu cha Pell hadi dola 5,710, kwa hoja kwamba vyuo vinapaswa kubeba jukumu hilo vyenyewe. Sheria ya Julai 2025, kwa upande mwingine, ilitenga dola bilioni 10.5 kuziba pengo la mfuko wa Pell. Uamuzi wa kila mwaka kuhusu fedha hizi ni wa Kongresi.

Masharti ya matokeo: faida na hatari

Kufungamanisha ruzuku na matokeo kuna faida. Kunamlinda mwanafunzi dhidi ya kozi zisizo na soko, na kunakilazimisha chuo kufuatilia wahitimu wake. Hatari yake ni kwamba njia rahisi ya kufikisha asilimia 70 ni kuchagua wanafunzi ambao wangefaulu hata bila msaada. Mwenye watoto wadogo au aliyekaa miaka mingi bila kusoma anaweza kuonekana mzigo kwenye takwimu. Ikiwa chuo kitadaiwa matokeo na wakati huohuo kikanyimwa fedha za ushauri na malezi, kishawishi hicho kitakuwa kikubwa zaidi, na mlango uliofunguliwa mwaka 1972 utaanza kujifunga kimyakimya.

Kwa mwananchi anayefuatilia tangazo la ruzuku kwa chuo, nchini Marekani au penginepo, kiasi kilichotangazwa ni mwanzo tu wa habari. Anapaswa kuuliza fedha hizo zitalipia ada pekee au pia nauli, vitabu na malezi. Mshauri mmoja atahudumia wanafunzi wangapi. Na huduma hizo zitalipwa na nani muda wa ruzuku utakapokwisha. Tangazo lenye majibu ya maswali hayo humwezesha kurudi baada ya miaka mitatu na kuhesabu waliohitimu.