Kabla ya kuweka buati otomatiki kwenye Land Cruiser ya zamani, tuulize kwanza barabara ya Ngomo

Mwenye Land Cruiser ya zamani akienda garaji kulalamika kwamba gari linakunywa mazuti mengi, siku hizi anapewa jibu ambalo nimelisikia zaidi ya mara moja hapa Bukavu: toa buati ya mkono, tukuwekee otomatiki yenye ovadraivu, utaona. Bei inatajwa, wanashikana mikono, na baada ya wiki mbili gari linatoka na pedali mbili badala ya tatu. Mimi si adui wa otomatiki. Lakini kwa gari linalobeba watu na mizigo kwenye milima ya Kivu ya Kusini, kazi hiyo, jinsi nilivyoiona ikifanywa, ni hatari, na faida inayoahidiwa karibu haipo.

Tuanze na hiyo ovadraivu, maana ndiyo inayouzwa. Land Cruiser nyingi za miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 zilitoka kiwandani na buati ya vitesi nne, na ya nne ni moja kwa moja: motere ikizunguka mara 1, chuma kinachopeleka nguvu nyuma nacho kinazunguka mara 1. Ovadraivu ni vitesi iliyo juu ya hapo. Kipimo chake kikiwa 0.7, motere iliyokuwa inazunguka mara 3,000 kwa dakika itazunguka 2,100 kwa mwendo ule ule wa gari. Kelele inapungua, mazuti yanapungua. Hayo ni kweli, na ndugu anayetoka Lubumbashi kwenda Kolwezi kwa lami, karibu kilomita 300, atayaona mfukoni mwake.

Sasa muulize shofere wa Bukavu–Uvira ni wapi, kati ya Nyangezi na Kamanyola, atakapokimbia mpaka ovadraivu iingie na kukaa. Hakuna. Motere ya 2H, ile ya silinda sita na lita 4 bila turbo, ni ngumu kufa lakini si ya mbio, na huku juu tuko karibu mita 1,500, hewa ni nyepesi. Ukiipandisha mlima na mzigo mzito nyuma, buati inaingia ya nne, inaona nguvu haitoshi, inarudi ya tatu, inajaribu tena. Kila badiliko ni joto. Tena otomatiki haina ambreyaji ya kawaida. Motere na buati vinaunganishwa na mafuta yanayozungushwa ndani ya chombo kimoja cha duara. Kwa mwendo wa polepole mafuta hayo yanateleza, na kuteleza huko ndiko kunakokula mazuti yale uliyotaka kuyaokoa.

Kupanda bado si shida kubwa. Shida ni kushuka.

Msimu wa kiangazi uliopita nilipanda Land Cruiser moja ya namna hiyo kwenda Kamanyola. Tulikuwa watu kumi na moja, magunia ya maharage, na mbuzi mmoja aliyekuwa na akili kuliko sisi maana alikataa kupanda. (Wenye pasi nzuri na haraka hupitia upande wa Rwanda, sisi wa magunia tunapita Ngomo.) Shofere alikuwa mzee wa kazi, miaka mingi kwenye buati ya mkono. Kwa kushuka alizoea kuweka ya kwanza au ya pili, motere yenyewe inashika gari, mguu unagusa freni mara chache tu. Siku hiyo aliacha mkono wa buati kwenye D, kama alivyoambiwa na garaji: «hii inajichagulia yenyewe». Ikajichagulia kweli. Gari liliposhika mwendo, buati ikapandisha vitesi, motere ikalegea, na kazi yote ikabaki kwa freni. Nusu ya mteremko tukasikia harufu. Pedali ikaanza kwenda chini. Alilisimamisha gari kwa kuliegemeza kwenye ukingo wa mlima, upande ambao kwa bahati haukuwa wa shimo.

Hakuna aliyemfundisha mzee yule kwamba kwa kushuka anapaswa kuzima ovadraivu kwa kifungo, kushusha mkono hadi 2 au L, na pale penye mteremko mkali kuingiza vitesi fupi za foro bai foro. Ni maelezo ya dakika tano. Garaji ilichukua dola zake bila kuyatoa.

Nilipoinama chini ya gari pamoja na fundi mwingine kesho yake, tuliona mengine. Buati ilikuwa A440F, ile ambayo Toyota yenyewe iliifunga kwenye baadhi ya Land Cruiser 60 tangu katikati ya miaka ya 1980, kwa hiyo si buati mbaya. Lakini radiateri ilikuwa ya zamani, ya gari la mkono, isiyo na sehemu ya kupozea mafuta ya buati. Mifereji miwili ilikuwa imeunganishwa tu, mafuta yanatoka moto na kurudi moto. Ile kamba inayotoka kwenye gesi kwenda buati ilikuwa imelegea. Wengi wanadhani kamba hiyo ni ya kubadilisha vitesi tu, kumbe ndiyo inayoiambia buati ibane kwa nguvu kiasi gani. Ikilegea, sahani za ndani zinateleza na kuungua bila shofere kujua, mpaka siku mafuta yanapotoka meusi.

Na ukikwama? Buati ya mkono betri ikifa, vijana wanasukuma, unaachia ambreyaji, gari linawaka. Otomatiki hii haiwaki kwa kusukumwa. Hata kuivuta ni lazima kwanza uweke buati ndogo ya foro bai foro katikati, kwenye N, maana pampu ya mafuta inazungushwa na motere. Motere ikiwa imezimwa na magurudumu yanazungusha buati, inajisaga kavu.

Najua nitajibiwa. Kuna shofere mwenye goti bovu, na otomatiki inamrudisha kazini. Kuna matope ambamo inatoka taratibu bila kurusha magurudumu. Ninakubali yote mawili. Mwenye kutaka, aweke. Lakini aweke radiateri ya mafuta ya buati, kamba ipimwe, freni zifanywe upya kabla ya kitu kingine, na shofere apewe siku nzima ya kujifunza kwenye mteremko akiwa bila abiria. Anayetafuta ovadraivu tu ana njia rahisi zaidi: buati ya mkono ya vitesi tano, H55F, iliyofungwa na kiwanda nyuma ya motere hiyo hiyo. Ya tano yake ni ovadraivu, ambreyaji inabaki, na shofere hahitaji kujifunza upya jinsi ya kushuka mlima.

Kwa magari ya abiria ninaomba jambo moja zaidi. Garaji inayobadilisha buati itoe karatasi yenye jina lake, ikisema imeweka nini na nini haikuweka, na wanaokagua magari waiombe kama wanavyoomba bima. Leo gari likianguka, anayefungwa ni shofere. Aliyeunganisha mifereji miwili bila radiateri hatafutwi na mtu.

Mzee wa Ngomo amerudi kwenye lori la rafiki yake, la pedali tatu. Land Cruiser ile niliiona tena wiki iliyopita kwenye kituo cha magari, imepakwa rangi mpya, inaita abiria wa Uvira.